Pingili Kumi na Mbili na Gumba

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Nimeona mbuzi akikatiwa tiketi kwenye basi la kwenda Handeni, akapewa na kiti cha dirishani. Nimeona ukungu wa Bungu ukiingia dukani kama mteja, ukazunguka rafu zote taratibu, ukatoka bila kununua. Kwa hiyo ninyi vijana mnaokuja barazani kwangu na simu zenu, "Mzee, hebu tazama hii," msihangaike. Nitatazama kwa adabu, lakini sitashangaa.

Nilishangaa mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya kikombe.

Mnaniita Mzee Dazeni, na wengi wenu mnadhani ndilo jina nililopewa na baba. Baba alinipa Athumani. Dazeni nilipewa na milima. Miaka ishirini na mitatu nimeuza vikombe vya udongo, vile vyenye maua mekundu, juu ya baiskeli, kutoka Korogwe kwenda Kerenge, Bungu na Lutindi, na siku za mnada nikateremka hadi tambarare za Handeni. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mvua ilichukua daraja, na walipolirudisha mimi nilikuwa nimeshaanza kupata hela. Leo nina nyumba mbili za matofali hapa mjini. Mwenzangu mmoja aliyefika kidato cha nne ni mpangaji wangu. Ni mtu mwema, analipa kwa wakati.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Lakini asubuhi nikiwa nimeketi hapa na chai yangu, mkono wa kulia bado unafanya kazi. Gumba linatembea lenyewe. Nauona kama mkono wa mtu mwingine, unahesabu vikombe ambavyo havipo tena.

Weka simu chini nikufundishe. Nyoosha mkono. Vidole vinne, acha gumba. Kila kidole kina pingili tatu, umeziona? Sasa gumba liguse pingili ya chini ya kidole kidogo, halafu ya kati, halafu ya juu. Hamia kidole kinachofuata. Ukimaliza kidole cha shahada umefika kumi na mbili, na hukuhitaji kalamu wala karatasi. Kila ukimaliza mzunguko, kunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Vidole vyote vitano vikikunjwa, una sitini, na muda wote huo ulikuwa unapiga soga na mteja, mvua inanyesha, na hakuna aliyejua kama unahesabu.

Nimepanda milima ile nikihesabu hivyo mpaka nikasahau nahesabu nini. Vikombe, au hatua, au pumzi, au kona za barabara. Nyuma yangu vikombe vinagongana ndani ya majani, sauti ndogo sana, kama watu wanaozungumza chumba cha pili na wewe unataka kulala. Mpaka leo nikikosa usingizi naisikiliza sauti ile, inanichukua.

Aliyenifundisha kuhesabu pingili ni Mzee Shemhina, mtunza ghala wa duka moja la jumla hapa Korogwe, ambalo silitaji kwa jina. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Alivaa sweta mwaka mzima katika joto hili la Korogwe, kwa sababu alizaliwa Lutindi na sidhani kama aliwahi kuamini kwamba ameondoka.

Siku ya kwanza niliingia ghalani na pesa ya dazeni moja, pesa yote niliyokuwa nayo duniani. Akavihesabu vikombe kwa gumba, akavilaza ndani ya katoni, akatandika majani makavu ya mgomba katikati. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nina mabega. Nikamwambia, "Lete mzee, kazi hii inataka mtu mwenye nguvu." Nikanyakua katoni. Nikageuka. Kona ya katoni ikagonga mwimo wa mlango.

Sauti ile mnaijua. Haihitaji maelezo.

Tukafungua. Kikombe kimoja kilikuwa kimekatika sikio. Mzee Shemhina alikiinua, akanitazama.

"Kilikuwa na ufa," nikasema.

"Kilikuwa na ufa?"

"Kilikuwa na ufa, mzee. Nilikiona wakati unahesabu, nikaona haya kukuambia."

Akakitia kile kikombe kwenye mfuko wa sweta. Akaweka kizima mahali pake. Halafu akachukua kingine, gumba lake likiwa limesimama juu kama la mtu anayesema sawa, akakilaza juu ya vyote.

"Haya," akasema. "Nenda polepole."

Tangu siku hiyo, kila dazeni aliyonipa ilikuwa hivyo. Kumi na viwili kwa gumba, halafu kimoja juu, bila neno. Na mimi, kwa akili yangu hii ambayo haikuwahi kumhitaji mwalimu, nikaelewa mara moja. Pingili kumi na mbili, na gumba lenyewe. Vidole havikamiliki bila gumba, au siyo? Dazeni ni vikombe kumi na vitatu.

Chekeni. Mimi niliishi ndani ya hesabu hiyo miaka tisa na nilikuwa na amani kabisa. Msiniulize habari za madaftari na sabuni. Sikuuza madaftari. Sahani niliuza moja moja. Neno dazeni kwangu lilikuwa neno la vikombe, na vikombe nilivijua mimi.

Kweli nilivijua. Kikombe usikiangalie, kisikilize. Kikalishe kwenye kiganja, kigonge kwa ukucha wa kidole cha kati. Kikiwa kizima kinaitika, sauti inakwenda mbali na kurudi. Chenye ufa kinakohoa. Jicho linadanganywa na maua, ukucha haudanganyiki. Na kwenye baiskeli usifunge katoni kwa mpira peke yake, kwa sababu mpira hurusha. Funga kwa kamba ya katani iliyoloweshwa, ikikauka inashika kama mkono. Siku hizi naona mnabeba vikombe vya plastiki kwenye bodaboda, vinaning'inia kama vitunguu, mnapita kwenye mashimo huku mnaimba. Sawa. Lakini kikombe cha plastiki hakikufundishi kwenda polepole.

Nikivunja kimoja njiani, nilinunua kingine kwa hela yangu kwenye duka lolote la karibu, hata kama maua hayafanani, ili mteja apate kumi na vitatu vyake. Athumani hapeleki dazeni pungufu. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kwenye kila kona. Watu walinitazama, wakatazamana, wakasema, "Kweli bwana, wewe dazeni yako ni dazeni." Jina likaanzia hapo. Nilidhani ni sifa ya kazi.

Kule Handeni kulikuwa na mama mmoja wa kifugaji, Yeyo Naserian, yeyo kwa Kimasai ni mama, mteja wangu wa mnada. Huyu hakuwa anahesabu. Watu wa nyumba yake hawahesabiwi, wala ng'ombe wake. Anawajua kwa majina, inatosha, na kuwataja kwa idadi anaona ni kuwaitia mkosi. Basi kununua kwake ilikuwa hivi. Anachuchumaa, anapanga vikombe vumbini kimoja kimoja, na kwa kila kimoja anataja mnywaji. Hiki cha baba mwenye boma. Hiki cha mama mkwe. Hiki cha Sironga, yule aliyeumwa na nyuki. Mimi nasubiri, jua limelala juu ya nyasi, kengele za ng'ombe zinakuja na kuondoka, na vikombe vinapangika kama watu wa familia walioitwa kupigwa picha. Siku moja majina yakaisha, kikombe kimoja kikabaki mkononi. Akakitazama sana.

"Na hiki, Yeyo?" nikamuuliza.

"Hiki cha anayekuja," akasema, akakilaza mbali kidogo na vingine.

Nilicheka. Nilidhani ni mambo yake tu.

Mwaka wa tisa Mzee Shemhina akastaafu, akarudi Lutindi na sweta lake. Mahali pake akaingia Bi Hadija, mwanamke wa makamo, mjane, ana watoto watatu shuleni na ulimi usio na breki. Nilifika Jumanne asubuhi kuchukua dazeni sita. Yeye hahesabu kwa gumba. Anashika viwili viwili, kwa sauti, kama anasomesha.

"Mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Dazeni hiyo. Sogeza."

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Bado kimoja, dada."

"Kaka yangu, kumi na mbili ni kumi na mbili."

"Sikatai. Lakini mimi nimelipia dazeni."

Akanitazama kama kuku aliyeingia msikitini. "Kwani wewe dazeni yako ni ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Mtunza ghala ni wewe."

Wapagazi wakaanza kucheka, nami nikaona wanamcheka yeye. Nikapata moto. "Kikombe cha juu kiko wapi? Miaka tisa nachukua kumi na vitatu hapa hapa, kwenye meza hii. Ameondoka mzee wa watu, kikombe nacho kimeota miguu?"

"Kaka, punguza sauti, una wenge."

Sikupunguza. Nikalisema lile neno ambalo mtu akishalitoa mdomoni halirudi. Nikamwita mwizi, mbele ya wapagazi, mbele ya wateja, mlango uko wazi na barabara inasikia.

Tajiri mwenye duka akatoka ofisini kwake. Alikuwa mtu anayeogopa wizi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Hakumtazama Bi Hadija, alinitazama mimi.

"Unasema Shemhina alikuwa anakupa kumi na vitatu?"

"Kila dazeni, tajiri. Kama inavyotakiwa."

"Dazeni ni kumi na mbili, bwana," akasema. Nikajua wamepanga. Lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda mbali kwa mawazo. "Katoni zinatoka kiwandani na vikombe vya ziada, kwa ajili ya vinavyovunjika njiani. Kama Shemhina alikuwa anavitoa na wewe mama huvitoi, vya kwako vinakwenda wapi?"

"Vinavunjika, tajiri," Bi Hadija akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vyote?"

Tajiri akaniambia nilete shahidi. Akapanga Jumamosi. Nikileta mtu wa kuthibitisha maneno yangu, Bi Hadija atakabidhi funguo na kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Siku zile simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa wachache tu, Lutindi hupigi simu, Lutindi unapanda. Nikasema nitapanda. Nilipofika mlangoni niligeuka nyuma nikamwona Bi Hadija amesimama na kikombe kila mkono, hajui aviweke wapi. Nikaenda zangu. Nilijiona mshindi.

Nilianzia Bungu, kwa mteja wangu wa kwanza kabisa, Mama Zaina. Barabara ile ukipanda asubuhi, unaacha joto chini kama mtu anavyovua shati. Kwanza unasikia maji kabla hujayaona. Halafu ukungu unakujia, unakuzunguka, unakuondolea baiskeli, unakuondolea miguu, unabaki wewe na gumba lako linalotembea kwenye pingili. Nilikuwa nahesabu mashahidi. Pingili hii Mama Zaina. Hii yule fundi cherehani. Hii wale ndugu wawili wa kahawa. Milima mizima ingeshuka nami Korogwe, kila mtu na vikombe vyake kumi na vitatu mkononi. Niliwaona kabisa, wanateremka katika ukungu, vikombe vinagongana.

Mama Zaina alikuwa jikoni, anapuliza moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dazeni! Leo siyo siku yako. Kuna msiba?"

"Kuna kesi."

Akanyoosha mkono ukutani, akatungua kikombe kwenye msumari, akanimiminia chai ya tangawizi. Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasema, "Sasa wewe ndiye shahidi wangu, mama. Hebu sema. Dazeni ni vikombe vingapi?"

"Ya kwako au ya watu?"

"Kuna ya kwangu na ya watu?"

"Ya watu ni kumi na viwili, mwanangu. Ya kwako ni kumi na vitatu."

Vijana, moto ulikuwa unalia polepole, na nje ukungu umesimama mlangoni. Nilihisi kama mtu aliyeota anatembea, akaamka akakuta kweli anatembea.

"Na hamkuniambia? Miaka tisa?"

"Tukuambie vipi? Mara ile ya kwanza nilikukimbilia mpaka mtoni, kikombe mkononi, nikuambie umezidisha. Umesahau? Ulinijibu, 'Mama, mimi sifanyi kazi nusu nusu.' Ukapanda baiskeli. Nikarudi nacho. Baba Zaina akasema, kijana ana moyo, tusimkatishe tamaa."

"Basi mkakaa kimya tu."

"Tulikaa kimya tukakitundika." Akanyoosha kidole kwenye mkono wangu. "Vile kumi na viwili tunagawana. Tukiwa wawili, tukiwa watatu, wanne, sita, vinagawanyika, havimgombanishi mtu. Hicho cha juu hakina mwenyewe. Hicho ni cha mgeni. Miaka yote unakinywea wewe."

Nikakitazama. Kilikuwa na maua mekundu, yamefifia upande wa mdomo. Na hapo nyumba zote zikanijia, moja baada ya nyingine kama zinapita kwenye maji. Kerenge, kikombe kwenye msumari karibu na dirisha. Kwa fundi cherehani, kikombe juu ya mashine. Handeni, kikombe vumbini, mbali kidogo na vingine, cha anayekuja. Kila mahali nilipoketi nikanywa chai na kujisifu, nilinywea kosa langu mwenyewe, na watu wakaniongezea sukari.

Hiyo ndiyo mara moja niliyoshangaa. Haijatokea tena.

Lakini hesabu moja ilikuwa imebaki. Kama dazeni ni kumi na mbili, Mzee Shemhina alikuwa ananipa nini? Ijumaa nikafika Lutindi. Nilimkuta uani kwake juu ya kilima, anachagua maharage kwenye ungo, sweta lile lile. Kule juu lilikuwa limepata hali ya hewa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umevunja ngapi?"

"Sikuja kwa kuvunja. Nimekuja kuuliza. Dazeni ni nini?"

Hakuona ajabu. Akaendelea na maharage. Alisema alipokuwa kijana alifanya kazi jikoni misheni, na Sista mmoja Mzungu alikuwa na kabati la vijiko, dazeni kwa dazeni, na jioni alimfanya avihesabu vyote kabla ya kufunga. Huyo Sista ndiye aliyemwambia. Dazeni ni neno la Waingereza, lakini si lao. Wamelichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelitoa kwa Warumi wa zamani, ambao kwao lilikuwa ni kusema mbili na kumi, basi.

"Na sisi tunasemaje?" akaniuliza.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Limezunguka dunia nzima kutafuta maneno tuliyokuwa nayo hapa."

"Na pingili?"

"Hizo nilifundishwa na Wahindi wa maduka ya nguo. Watu wa zamani sana walihesabu hivyo, ndiyo maana kumi na mbili iko kila mahali. Mchana una saa kumi na mbili, usiku hivyo hivyo, mwaka miezi kumi na miwili. Kumi ukiwagawia watu watatu wanapigana. Kumi na mbili hawapigani."

"Lakini gumba, mzee. Gumba nalo si la kuhesabiwa?"

Hapo akainua uso. Nadhani ndipo alipoelewa. Mabega yalianza kutikisika ndani ya sweta, akacheka mpaka maharage yakaruka kwenye ungo. "Gumba ndilo linalohesabu! We Athumani! Ukiwahesabu mbuzi wako, unajihesabu na wewe?"

Nikangoja amalize. Alichukua muda.

"Sasa kile cha juu kilikuwa cha nini?"

"Kile? Kile kilikuwa cha kuvunja." Akajifuta macho. "Sista alinisimulia kwamba zamani kwao waoka mikate, mtu akinunua dazeni walimtupia mmoja juu, wasije wakaonekana wamempunja wakaadhibiwa. Wao walijiogopea wenyewe. Mimi nilikuogopea wewe. Kijana anayesema kikombe kilikuwa na ufa, atavunja kingine, na atasema tena kilikuwa na ufa. Nikaona nikupe cha kuvunja, usilazimike kusema uongo mara ya pili. Nilikuwa nakatwa kwenye mshahara."

Upepo wa Lutindi una tabia ya kunyamaza ghafla. Ulinyamaza.

"Lakini mzee," nikasema, na najua sikupaswa kusema, "kile cha kwanza kilikuwa na ufa kweli."

"Kilikuwa na ufa," akakubali, kwa upole sana. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe kisicho na sikio, ndani yake mbegu za maboga. Akazimimina kiganjani. Akanipa kikombe.

Hakuniambia nifanye nini. Mkono wangu ulijua wenyewe. Nikakikalisha kwenye kiganja, nikakigonga kwa ukucha.

Kikaitika. Sauti ikaenda mbali juu ya bonde na kurudi, safi, nzima. Hakikuwa na ufa, na hakijawahi kuwa nao.

"Mpeleke huyo," Mzee Shemhina akasema. "Ndiye shahidi wako."

Mkipita Bungu leo, tazameni ukutani, kile cha kumi na tatu mtakikuta. Baada ya siku ile niliendelea kuweka kimoja juu, mpaka magoti yaliponigomea, ila sasa nilijua ninachokiweka. Wala, ukimwacha Mama Zaina, sikuwaambia watu wa milimani kwamba nimejua. Wangeanza kunishukuru, na mimi kushukuriwa siwezi.

Jumamosi ile, ghalani, nilimkuta Bi Hadija amevaa kanga mpya, mkoba umefungwa, funguo ziko juu ya meza. Alikuwa amejiandaa kuondoka kabla ya kufukuzwa. Tajiri ameketi. Wapagazi wamepata sababu za kuwepo.

"Shahidi yuko wapi?" tajiri akauliza.

Nikakiweka kikombe mezani. "Dazeni ni kumi na mbili," nikasema. "Mama huyu hesabu yake ni sahihi. Kile cha juu Mzee Shemhina alikuwa anakilipia mwenyewe."

Tajiri akakunja uso. "Ni kweli alikuwa anakatwa vikombe kila mwisho wa mwezi. Nilidhani nyumbani kwake wanapigana." Kisha akanitilia shaka vile vile alivyomtilia Bi Hadija siku ile. "Lakini kwa nini mtu alipe miaka tisa kwa ajili yako? Mtu halipi bila sababu. Labda alikuwa anafunika kitu."

Nikaona ninavyolizamisha na jina la mzee. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka, na ilikuwa nyembamba kuliko mlango ule wa ghala.

"Alikuwa ananifunika mimi," nikasema. "Kikombe hiki nilikivunja mimi, siku ya kwanza, kwenye mwimo huu. Nikasema kilikuwa na ufa. Hakikuwa na ufa." Nikakigonga. Ghala zima lilisikia kinavyoitika.

"Kaka," Bi Hadija akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imerudi. "Mwizi uliniita kwa sauti ya mnadani. Hiyo ya leo mbona unanong'ona?"

Nikasimama mlangoni, barabara inasikia, nikarudia yote kwa sauti ya mnadani. Kwamba Bi Hadija si mwizi. Kwamba dazeni ni kumi na mbili. Kwamba kikombe nilikivunja mimi, Athumani. Mpagazi mmoja akapiga makofi, mwenzake akampiga kiwiko. Nilipogeuka, funguo hazikuwa mezani tena. Zilikuwa zinaning'inia kiunoni kwa mwenyewe.

Bi Hadija akakichukua kile kikombe, akakigeuza, akakitazama chini.

"Hiki chenyewe kililipiwa?"

"Shemhina aliniambia kimetoka kiwandani kibovu," tajiri akasema. "Tukakihesabu hasara ya duka."

"Bei ya wakati ule ilikuwa shilingi ngapi?"

Tajiri hakuhitaji kufikiri. Akaitaja. Nikatoa mfukoni noti na sarafu, nikazipanga juu ya meza moja moja, na Bi Hadija akazihesabu kwa sauti mpaka zikatimia. Shilingi mia nne na hamsini.